Ukuta wa Kioo kwa Mkunga

Injinia hakuwahi kuingia darasa la uinjinia hata kwa kufagia. Jina alijipa mwenyewe, na kofia ya plastiki ya njano ikamtolea ushahidi. Siku hiyo alikuwa kwenye karakana ya mdogo wake, fundi wa kuchomelea, akimalizia chai ya wenyewe, macho yake yalipopenya zahanati ya jirani. Ukutani kwa mkunga palibandikwa ramani ya ghorofa nne. Akaweka kikombe chini.

"Yule mama anajenga ghorofa?"

"Sijui," mdogo wake akasema. "Najua tu ananinung'unikia. Nikiwasha mashine ya kukata chuma hasikii kitu. Na nikizima kila mjamzito akija, nitakula nini?"

Ni kweli hakuwa akisikia. Kati ya chumba chake na uwanja wa karakana palikuwa na tundu kubwa lililozibwa kwa wavu wa kuku. Mkunga alisikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe cha mbao, upande mmoja tumboni kwa mama, upande wa pili sikioni kwake. Wiki ile alikuwa amewarudisha wajawazito wawili bila kujua watoto wao wanaendeleaje, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kesho yake Injinia akabisha hodi, tofali la kioo kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili ndani lina hewa tupu. Mwanga unapita, macho ya watu hayapiti. Joto linabaki nje. Na kelele, mama, zinarudi zilikotoka. Sikiliza."

Akaliinua mbele ya wavu, akakohoa. Upande wa pili mdogo wake akazima mashine, kama walivyopatana.

Mkunga akatazama tofali, akatazama tundu ambalo ng'ombe angepita. "Makubwa haya. Huku pembeni upepo unanipepea, ila sauti yenu haijui njia ya pembeni?"

"Hii ni sampuli tu, mama."

"Basi jaza tundu lote. Nikiridhika, tutazungumza habari ya malipo."

Injinia akaitazama ile ramani, ghorofa nne, madirisha hayahesabiki. Angechukua malipo ya awali ya ghorofa asubuhi, mchana asijulikane alipo. Tamaa haina breki, jamani. Akauza pikipiki yake, akanunua matofali themanini, akamlipa mwashi, saruji akabeba mwenyewe begani.

Ukuta ukasimama. Chumba kikajaa mwanga mweupe, na akina mama wakapimwa bila hofu, maana mafundi wa nje walionekana vivuli tu. Lakini alasiri jua likapiga kioo, chumba kikawa tanuri.

"Joto ulisema linabaki wapi?" mkunga akauliza.

Injinia akauza saa yake ya mkononi, akanunua mabati, akaukinga ukuta kwa kivuli.

Ikabaki sauti. Aliyelazwa kitandani kwa jaribio alikuwa shemeji yake, mke wa fundi. Injinia akafurahi, mtu wa nyumbani hawezi kumchoma. Akakohoa. Nje cheche ziliendelea kuruka. Akakohoa mpaka kifua kikauma, mashine haikuzimwa. Ajabu ni kwamba ndani ulisikika mvumo mdogo tu, kama wa mbu chumba cha pili. Yule mwongo alikuwa amesema kweli bila kukusudia.

Mkunga akaweka kipembe tumboni, akafumba macho.

"Nampata," akasema. "Nampata vizuri kabisa."

"Umeridhika, mama?"

"Sana."

"Basi tuje kwenye ghorofa."

"Ghorofa gani?"

Injinia akaonyesha ramani. Mkunga akaibandua; nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa wa mkono mzima. "Hii aliiacha mpangaji aliyenitangulia. Naizibia ufa."

Injinia akamgeukia shemeji yake.

"Usinitazame hivyo," shemeji akasema. "Mmoja wa wale waliorudishwa ni mimi. Mume wangu alilia, kisha akaja kumwambia mkunga mpango wako wote. Hana uwezo wa kununua ukuta, lakini ana kaka."

"Pikipiki yangu, shemeji!"

Mkunga akampa kipembe. "Njoo usikilize, baba mkubwa. Wa kwanza kumletea mtoto zawadi ni wewe."

Alitaka kukataa. Akavua kofia ya njano, akapiga magoti, akatega sikio.

"Mbona anakimbia hivi?" akauliza.

"Karithi kwako, shemeji."