Nilivyomtafutia Mama Mkwe Picha

Jamani, leo sura yangu nimeiacha juu ya bati. Mkinikuta sokoni, nipiteni tu.

Mama mkwe wangu anakaa Nyakiriba, kule mlimani. Leo ameshuka kwa miguu tangu asubuhi, na kitenge kipya, kwa jambo moja: saa kumi kwaya ya shule ya Espérance ingeimba kwenye televisheni. Espérance ndiye kitinda mimba wake, anasoma Kigali, mwaka mzima hawajaonana. Na televisheni iko kwa nani? Kwa mkwe! (Ndiye mimi. Karani wa ofisi, lakini nikishika bisibisi najiita fundi.)

Saa tisa nikawasha. Chenga tupu. Nikaigonga ubavuni. Chenga. Nikachomoa waya, nikaukwangua kwa kisu, nikaurudisha. Chenga!

"Tumupeleke kwa Mama Zubeda," akasema mke wangu, Immaculée. "Yake inaonyeshaka muzuri."

Mama Zubeda ni jirani: nyumba moja, milango miwili, bati moja. Lakini mkwe gani anampeleka mama mkwe kwa jirani kumtazama mtoto wake mwenyewe? Nikawaka.

"Mi niko hapa, we unasema jirani? Lete ngazi!"

Nikapanda, nikakuta antena imesimama. Bon, kumbe ni mwelekeo tu. Nikashika bomba lake, nikaigeuza upande wa Nyundo.

"Sasa iko vipi?"

"Ileile!" Immaculée akajibu kutoka sebuleni.

Nikageuza upande wa Goma.

"Na sasa?"

"Ileile!"

"Angalia vizuri!"

"Naangalia na macho yote mbili! Ileile!"

(Fundi wa kweli hapo angejiuliza swali. Mimi nilivua shati.)

Nikairudisha ilipokuwa, nikakaa kupumua. Saa kumi, Mama Zubeda naye akawasha yake. Nikasikia kwaya hiyo, safi kabisa! Wivu ukanipanda. Yake ishike, yangu ishindwe, kwani bati si moja? Nikakamata bomba, nikalizungusha kwa nguvu. Kwa Mama Zubeda watu wakapiga kelele. Nikasema hao wanashangilia kwaya. Nikazungusha tena. Kelele zikazidi.

"Immaculée, sasa je?"

Kumbe sebuleni hakuna mtu: mama na binti walishahamia kwa jirani.

Mjue kwamba mama mkwe hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Miaka minne maneno yanapitia kwa binti yake, ndiyo heshima yetu. Leo alitoka mbio mlangoni kwa Mama Zubeda, Immaculée nyuma yake, mikono kichwani, akanitazama nilivyo kifua wazi:

"Mukwe wangu, acha iyo antena! Mutoto wangu alikuwa anaimba, umemufuta!"

Yebabawe! Nikageuka. Upande wa pili wa paa, antena yangu ilikuwa imelala chali, upepo wa ziwa umeiangusha. Muda wote huo nilikuwa nageuza ya jirani.

"Rudisha!" wakapiga kelele wote. Nikalishika bomba tena. Mama Zubeda akasimama mlangoni kuniongoza: "Kidogo kushoto... hapana, umepita... hapo! Usiguse tena! Hata usikohoe!"

Mama mkwe akakimbilia ndani. Nikamsikia: "Ni yeye! Wa pili kule nyuma! Amenenepa mutoto wangu!" Kisha akalia. Ulikuwa ubeti wa mwisho, na mimi ndiye niliyemlia zile nyingine zote. Nilikaa juu ya bati nikiona aibu, na bado nilifurahi kwamba amemwona.

Jioni heshima ilirudi mahali pake. Akiaga, mama mkwe alipita mbele yangu, akamwambia Immaculée: "Umwambie bwana yako nimeshukuru. Lakini akipanda tena, kwanza ahesabu antena."

Immaculée akanifikishia neno kwa neno, mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao.