Malalamiko Kuhusu Ulimi Mwekundu wa Mtoto wa Darasa la Pili

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa watu. Mimi ni yule muuza juisi wa hapo getini, ambaye wanafunzi wako huniita Babu Upinde kwa ajili ya chupa zangu za kila rangi. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu tangazo ulilobandika ukutani, kwamba vinywaji vya rangi ni marufuku shuleni.

Kisa unakijua. Binti wa darasa la pili, mwenye pumu, alikunywa juisi yangu nyekundu wakati wa mapumziko. Kifua kikambana, akaketi chini akihema kwa mluzi, mwalimu wake akambeba mgongoni hadi zahanati. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari alimwambia atoe ulimi, ukaonekana mwekundu. Mheshimiwa, ulimi wa nani si mwekundu? Kweli, wake ulikuwa umekolea hadi menoni na kidevuni, lakini hiyo ni sifa ya bidhaa. Wenzangu huuza rangi inayotoka kwa kunawa.

2. Daktari mwenyewe alisema, "Huenda ni rangi, huenda ni kitu kingine. Aache kwanza, tuone." Huenda! Kwa huenda hiyo biashara yangu imelala chali. Huenda na mimi ni mfalme. Mbona sijavikwa taji?

3. Mama yake, fundi cherehani, alikuja kibandani na miwani yake ya kutungia uzi, akasoma pakiti ya unga wangu wa juisi mbele ya wateja. Maandishi yale, kwa hekima ya kiwanda, yameandikwa kwa ajili ya sisimizi.

"Babu, hizi namba kando ya neno 'rangi' ni za nini?"

Nikamjibu ni siri ya mapishi.

"Na tunda lenyewe liko wapi?"

Nikamwonyesha: liko kwenye picha. Wateja wakacheka, wakaondoka na kiu yao.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tangu aache juisi, mtoto yule hajabanwa tena. Badala ya kutulia kivulini kama mgonjwa mstaarabu, anakimbizana na wenzake mbele ya kibanda changu, buheri wa afya! Huu ni uchochezi. Wazazi wanamtazama yeye, kisha wananigeukia mimi.

Kwa hiyo naomba tangazo libanduliwe. Binti azuiwe kukimbia mpaka uchunguzi ukamilike. Na watoto wote wenye vifua vyepesi wahamishiwe shule nyingine, ya vyakula vyeupe vitupu, watuachie wenye mapafu yenye adabu. Mteja akikohoa, anayebadilishwa ni mteja, si juisi.

Wasalimie walimu wote, wapishi na mlinzi wa geti. Daktari naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Babu Upinde

Nyongeza: Jumatatu mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza hapo kwako. Naye ana pumu. Akibanwa, nyumba nzima hatupumui. Nakusihi, anywe maji tu aliyofungiwa na mama yake. Wenzake wakimpa juisi, mwalimu amnyang'anye. Hata nikimpa mimi mwenyewe, amnyang'anye.