Kikosi Kizima Kinakunywa Kahawa

Jumanne ya kwanza ya Machi, mkutano mkuu wa mji ukisubiriwa saa nne, gazeti lilimkuta Sikubali kwenye mgahawa wa Bernice. Alilisoma mara mbili, kisha akalibamiza mezani hadi vijiko vikaruka.

"Someni wenyewe! Eti kila nyumba mpya iwekwe vinyunyizio vya maji darini. Moto ukiwaka, dari inakumwagia. Sasa mimi namjengea Lindy nyumba au bafu?"

Jina lake hasa ni Orrin. Ila kwa miaka thelathini hajaunga mkono hoja hata moja kwenye mkutano wa mji, ikiwemo ile ya kumpongeza yeye mwenyewe. Nyumba ya bintiye, kule juu kilimani, ilikuwa imefika kwenye paa, na Lindy alitarajia kujifungua mwezi wa tano.

"Havimwagi vyote, we mzee," alisema Kapteni, mkuu wa zimamoto wa kujitolea, akimimina asali kwenye pankeki. "Kinafunguka kile kilicho juu ya moto tu. Kinauzima ungali mchanga, na maji yenyewe machache kuliko ya mpira wetu wa zimamoto."

"Nikiunguza mkate je?"

"Moshi hauvifungui, ni joto. Labda uunguze mkate wa ukubwa wa ng'ombe."

Nyonga, aliyewekewa nyonga ya chuma kiangazi kilichopita, alicheka hadi kahawa ikampalia. "Na jirani anapona, kaka. Moto haumfikii. Tena hakuna habari ya kwenda kutoboa barafu bwawani kutafuta maji."

"Wewe unashabikia nini, kwani unajenga?"

"Sijengi. Ila nyonga nzima imebaki moja tu, na barafu inateleza."

"Mji uingie mpaka darini kwangu? Sikubali!" Orrin akazungusha kidole hewani. "Moto ukiwaka, si tuna zimamoto? Wataitwa, watakuja, yameisha."

Bernice akaacha kufuta kaunta. "Watakuja akina nani, Orrin?"

"Si kikosi!"

"Kiko wapi?"

Orrin akazungusha macho mgahawani. Akamtazama Kapteni, miaka sitini na tisa, anayepumzika mara mbili akipanda ngazi za kanisa. Akamtazama Nyonga. Akamtazama Hollis pale pembeni, aliyevua kifaa chake cha kusaidia kusikia ili asome michezo kwa amani.

"Hao watatu," Bernice akasema. "Na dereva wa lori la maji ni wewe. Kikosi kizima kinakunywa kahawa yangu."

"Januari, nyumba ya akina Pruitt ilipoungua, tulifika baada ya dakika ngapi?" Kapteni akauliza taratibu.

"Thelathini na nane," Orrin akanung'unika.

"Tukaokoa nini?"

"Sanduku la barua."

"Na lilikuwa ng'ambo ya barabara," Nyonga akaongeza.

Walicheka wote isipokuwa Orrin. Aliiona ile barabara ya kilimani na matope yake ya Machi, lori limezama hadi ekseli, yeye yuko kwenye usukani, na huko juu Lindy na kichanga wakimsubiri yeye. Aliogopa, tena sana.

"Ngazi atapanda nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," akasema Nyonga. "Mkinibeba."

Saa nne ukumbi ulijaa. Constance, mwenyekiti wa mkutano, alisoma hoja ya vinyunyizio, akauliza, "Wanaokubali?"

Mikono ikapanda hapa na pale. Safu ya nyuma ukapanda mmoja mnene, umenyooka kabisa. Constance akaishusha miwani yake puani. Ukumbi mzima ukageuka.

"Orrin, choo ni mlango wa kushoto, kama siku zote. Huhitaji ruhusa."

Mkono haukushuka.

"Nihesabu upesi, Constance, kabla akili zangu za kawaida hazijanirudia."