Mstari Uliobaki Ubaoni

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefika. Miaka hamsini na saba tangu niondoke, na kidato cha saba cha ngazi bado kinalia ukikikanyaga. Nilikikanyaga mara mbili kuhakikisha. Kikalia mara mbili. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye funguo kiunoni, akaniuliza kama goti linanisumbua.

Nyumba ni ileile. Kuta nene kiasi cha kuweza kukaa dirishani, dari ya mbao, sakafu ya baridi. Ila sasa ni nyumba ya wageni: malazi na kifungua kinywa, vyumba vitano, shuka zinanukia sabuni. Ukumbini kuna ubao mkubwa: HISTORIA YA NYUMBA HII. Nikausoma kwa jicho la kazi, maana nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na minne ya ugenini. Aliyejenga: mfanyabiashara wa mbao. Akafuata daktari wa meno. Wakafuata wakunga wawili, dada wa tumbo moja. Baba yangu hayumo! Fundi saa aliyepanga chumba cha mbele miaka kumi na miwili, akafia humohumo nikiwa na miaka kumi na mmoja, hayumo hata kwa kosa la chapa.

Lakini chini kabisa pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Mwenye nyumba akasema mwandika mabango atakuja Alhamisi saa nne kuujaza, na ubao ukishapakwa vanishi basi, hauguswi tena. Nikamwambia mstari huo ni wa baba. Akanijibu kwa adabu kwamba Mwalimu wa chumba namba mbili naye anautaka, kwa ajili ya bibi yake aliyekuwa mshonaji humu. Mwenye ushahidi aulete.

Huyo Mwalimu ni mstaafu, mwembamba, miwani yake ina kamba. Huja kila mwaka wiki hii hii. Katika daftari la wageni, penye "Unakotoka", niliandika: Nyumbani. Akasoma juu ya bega langu, akauliza kama ni nyumbani, sanduku la nini.

Tumeanza vibaya. Vizuri.

Kifungua kinywa ni saa mbili. Mchana sana kwa mayai, lakini watu wa mapumziko wana starehe zao.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimedhulumiwa! Niliamka alfajiri, nikanyoa, nikafunga tai, nikakaa kitandani kupanga hoja zangu. Asubuhi mtu aligonga mlango. Nikanyamaza. Bila shaka Mwalimu, anapeleleza. Njaa ikanibana, nikastahimili. Saa yangu ya mkononi, ya marehemu baba, ilipotimiza mbili kamili nikashuka.

Meza tupu. Hata makombo yamefutwa. Mwalimu peke yake, anajaza fumbo la maneno gazetini. Mwenye nyumba akaniambia nimechelewa. Nimechelewa! Dakika moja, ya kushuka ngazi. Nikamtazama Mwalimu mdomoni. Alionekana ameshiba.

Hapo ndipo nilipoiona saa ya ukutani. Kabati la mbao, kioo, kipande cha shaba kinaning'inia na kuyumba. Saa nzuri. Inasema nane! Mkononi mwangu ni mbili. Imekosea kwa saa sita (saa sita, si "masaa sita" kama wasemavyo humu). Ushahidi gani unashinda huu? Mwana wa fundi saa anaitibu saa mgonjwa mbele ya macho yao!

Si mbele ya macho yao hasa. Nilingoja walale usingizi wa mchana. Nikapanda kiti, nikafungua kimlango, nikasogeza mishale hadi mbili na nusu. Ndani pamebandikwa kikaratasi, kimeandikwa kwa penseli: ISIGUSWE. Hakina nukta mwishoni. Nikakibandua, nikakikunja mara nne, nikakitia chini ya mguu wa kitanda changu uliokuwa ukicheza. Kitanda kimetulia. Siku haikupotea bure.

Jioni. Mambo yameharibika kidogo. Mpishi alitia mkate jikoni saa nane na robo, autoe saa tisa. Jiko lake halina dirisha, hutazama saa ya ukutani kupitia tundu la kupitishia sahani. Saa ikakataa kufika tisa. Ana mafua, hakusikia harufu. Mkate umetoka mweusi kama buti. Nilisema kwa sauti kwamba saa za siku hizi hazina uaminifu. Hakuna aliyeniunga mkono.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumeitwa sote mezani. (Safari hii mpishi alipiga kelele hadi nikafungua mlango. Mayai nimeyapata, ya baridi.)

Mwenye nyumba alisimama chini ya saa kama hakimu. Alinitazama mimi, sijui kwa nini.

"Saa hii haikuwa mbovu, babu," alisema. "Aliyeiacha aliiacha hivyo makusudi, isome kama watu wanavyosema."

Akaeleza. Watu wakisema saa mbili asubuhi, mshale uwe kwenye mbili, usiwe kwenye nane. Waliomuuzia nyumba walimwambia kazi hiyo ilifanywa na fundi mmoja aliyepanga chumba cha mbele, na kwamba aliacha kikaratasi cha mkono wake ndani ya kabati. Kikaratasi hicho ndicho kitu pekee kinachoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuwepo. Alitaka kukionyesha kesho. Kimetoweka. Nani amekichukua?

Nikasema panya.

Mwalimu akakitazama kiti, akasema panya wa nyumba hii wanavaa kiatu namba arobaini na tatu.

Nilipanda chumbani nikanyanyua kitanda. Kipo. Kimechapwa alama ya mguu wa kitanda, lakini kinasomeka. Baba alikuwa akiandika S kama ndoano. Nilikuwa nimeisahau ndoano hiyo. Nilikuwa nimesahau pia kwamba hakuwahi kuweka nukta mahali popote, na kwamba mama alikuwa akimtania kwa hilo. Nilikaa sakafuni kwa muda, kwa sababu ya goti.

Na kumbe saa mbili ni ile ya asubuhi! Utotoni nililijua hili. Lugha nimeitunza kwa vitabu miaka yote hii, na vitabuni hakuna anayekuletea mayai.

Jambo la busara lingekuwa kumpelekea mwenye nyumba kikaratasi papo hapo. Lakini ningelazimika kumfuta panya. La. Nitakitoa kesho, ghafla, mbele ya mwandika mabango, na Mwalimu akiwa amesimama pale pale. Nimekwishachagua namna ya kukishika.

Maandalizi. Saa ya ukutani nimeirudisha ilivyokuwa, kwa idhini, huku mpishi akinishikia kiti na kunishikia na suruali. Nikaigeuza na ya baba mkononi, nayo isome kama watu wanavyosema. Kisha, kwa uhakika zaidi, nikapiga hesabu: saa nne, ongeza sita, kumi. Mshale ukifika kwenye kumi, nipo ukumbini. Mtu wa uchapaji husahihisha kila ukurasa mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niliondoka kabla ya kifungua kinywa. Tumbo tupu huongea vizuri. Nilikipeleka kikaratasi kwa fundi wa fremu. Nikaipeleka suti kwa dobi, nikakaa nyuma ya pazia lake nikiwa na shati na soksi mpaka pasi ikapata moto. Kisha nikanunua peremende na kutembea mitaani, maana muda ulikuwa tele. Mwenye nyumba alikutana nami njiani, akitoka dukani, akanikumbusha saa nne. Nikamkonyeza. Akaharakisha mwendo.

Mshale ulipogusa kumi, nilikuwa mlangoni. Suti, tai, fremu nyuma ya mgongo. Jua limelala upande wa pili wa mtaa, jambo lililonishangaza kidogo. Ukumbi mzima unanuka vanishi. Mwandika mabango hayupo. Ngazi yake haipo. Mwalimu ameketi kwenye kidato cha saba cha ngazi, daftari magotini.

"Tulikusubiri mpaka rangi ikaanza kuganda, kaka," alisema. "Nikaona vibaya mstari ule ujazwe na mwingine."

Kaka! Mimi nina miaka sitini na minane, yeye amepita sabini.

Nikamuuliza bibi yake mshonaji amewekwa wapi. Akasema bibi anamtosha yeye mwenyewe, hahitaji ubao. Akasema bibi alimfundisha kusoma saa pale pale ukumbini, kwa saa ile, kwa kijiti cha kupimia kitambaa, na katika chumba cha mbele kulikuwa na mtu mwenye kioo kidogo jichoni ambaye, kila Mwalimu akikosea, alicheka bila kuinua kichwa. Aliwaeleza hayo mwenye nyumba na mwandika mabango, wakaridhika.

Nikausoma mstari.

Fundi saa na familia yake, chumba cha mbele. Alituachia saa

Familia yake. Maana yake nami nimo. Nimesoma maandishi mengi maishani, lakini mstari huu niliurudia mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Vanishi ile inawasha macho sana. Mwalimu alikuwa ameondoka kabla sijamaliza kuwashwa, na kidato kililia alipoinuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefikiri kutwa nzima, na sasa naona wazi. Alifanya makusudi. Ameniachia mstari ili kila nikiutazama nimkumbuke yeye! Ushindi wa namna hiyo haujibiki. Nimekwenda kwa mwenye nyumba na kujiandikisha mwakani wiki hii hii, chumba namba mbili. Akaniuliza Mwalimu atalala wapi. Nikasema hilo ni fumbo la maneno, ajaze mwenyewe.

Fremu nimeitoa. Nilieleza kwamba panya alijirudi. Mwenye nyumba aliipokea kwa mikono miwili na kuitundika chini ya saa.

Mstari ule hauna nukta mwishoni. Najua asili ya upungufu huo, na kwa mtu mwingine ningeuacha. Lakini jicho la kazi halistaafu. Wakati wa usingizi wa mchana nilipanda kiti na kalamu nyekundu. Vanishi haikuwa imekauka. Nukta imeingia, pamoja na kidole gumba changu chote.

Basi langu ni kesho saa kumi na mbili. Kosa la jana nimeligundua: nilisahihisha mara mbili. Niligeuza mishale, kisha nikaongeza sita. Mtu hujifunza. Kwa hiyo saa ya baba nimeirudisha kama ilivyokuwa siku niliyofika, na safari hii siongezi wala sipunguzi kitu. Mshale ukifika kwenye kumi na mbili, nipo kituoni na sanduku langu.

Mwenye nyumba ameniletea mkate na chai ya chupa jioni hii, eti kesho nitaondoka jikoni hapajafunguliwa. Hajui hesabu, maskini. Mwalimu naye amejitolea kunigongea mlango mapema. Kunikatiza usingizi, siku yangu ya mwisho! Nimemshukuru kwa ubaridi.

Nitaamka taratibu, jua likiwa limekwishapanda. Nitanyoa. Nitafunga tai. Akigonga, nitanyamaza.