Koma ya Mzee Nunow

Jumatatu, 12 Mei 2025
Kliniki ya mifugo, Garissa. Kanana, mwenzangu wa ofisini, anawaandikia wateja ujumbe wa simu mmoja mmoja, kama mtu anayesuka mkeka. Wote wanamsifu. Bosi wetu, Madam Shamis, anasema huenda akamfanya mkuu wa ofisi. Haiwezekani. Mimi ndiye niliyetazama video za kuandika programu.

Mpango: faili la wateja ni maandishi matupu, kila kitu kimetengwa kwa koma. Simu, huduma, mwenyewe, mnyama. Programu yangu itakata kila penye koma, itapanga jedwali, itatuma ujumbe yenyewe. Kanana abaki na chai yake.

Jumanne, 13 Mei
Programu imekubali, baada ya kukataa asubuhi nzima. Nilisahau kufunga mabano.

Kabla ya kutuma nikaongeza adabu. Mteja wetu mmoja, mzee kabisa, Kanana humwandika "Nunow" tu, kama anaita mtoto. Nikaweka "Mzee, Nunow". Koma ya kupumua kwa heshima. Wazee wote nikawafanyia hivyo. Kanana akauliza kama nimejaribu kwanza na jina moja. Wivu huo. Nikatuma zote.

Jumatano, 14 Mei
Mzee Nunow ameshuka kwenye lori la Modogashe, fimbo mkononi. Akauliza kwa upole, "Nani hapa ndio mtu ya kisu?"

Akanipa simu yake nisome. *Salaam Mzee. Mlete Nunow kesho asubuhi ahasiwe. Afungwe miguu.*

Ngamia wake, ambaye ndiye wa kuhasiwa, hayumo kabisa. Nikamwita adeer, yaani ami, nikasema ni shida ya mtandao.

"Mtandao haijui jina yangu," akasema. "Wewe ndio unajua."

Nyuma yake akaingia Mama Istahil na mumewe, mzee mwingine aliyepata ujumbe kama huo. Mama hakuwa na malalamiko. Alitaka kujua kama ni bure. Mume alibaki karibu na mlango.

Kanana akaangalia faili. Koma yangu ya heshima imekatwa kama nyingine. "Mzee" amekuwa mwenyewe, Nunow amekuwa mnyama, ngamia amesukumwa nje ya jedwali. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nashuku hivyo.

Alhamisi, 15 Mei
Kanana ni mkuu wa ofisi. Amri ya kwanza: nimpigie kila mzee kuomba radhi. Wengi walicheka. Mzee Nunow alikubali kumleta ngamia kwa sharti moja, kwamba mimi ndiye nishike miguu ya nyuma.

Nimeishika, kwa muda mfupi. Naandika haya nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 17 Mei
Sasa naweza kukaa upande mmoja. Madam Shamis anamwoza binti yake, Ilhan. Nimejitolea kutuma mialiko kabla Kanana hajasikia. Safari hii nimefuta koma zote, maana adui alikuwa koma. Programu sasa inakata penye nafasi: mgeni, bwana arusi, ukumbi. Nani ataweka nafasi katikati ya jina lake?

Mgeni wa kwanza ni Haji Keynan Abdi Farah wa Hagadera. Nimeshabonyeza.