Programu ya Lupaso Ikaririshwe Darasa

Ndugu Mratibu wa Mradi wa Afya ya Mikorosho,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, basi hujambo.

Mimi ni Mama Winfrida, mkulima wa korosho hapa Chilangala. Mwaka huu mlituwekea kwenye simu programu tatu za akili mnemba za kutambua magonjwa. Moja mliifunza kwa picha za mashamba ya kwetu, ya pili kwa za Chiungutwa, ya tatu kwa za Lupaso. Kisha mkazikalisha pamoja zifundishane, kama wanafunzi kwenye kikundi cha majadiliano. Hapo ndipo penye malalamiko yangu.

1. Mikorosho ilipotoa maua, niliona unga mweupe. Nikapiga picha. Programu zikajadiliana, zikajibu: "Tumekubaliana ni vumbi." Vumbi Chilangala lipo, sikatai, lakini halichagui maua tu. Sisi shuleni tukiangalizia jibu la jirani tulichapwa. Hizi zinasifiwa kwamba zinashirikiana.

2. Mume wangu Ambrosi alikuwa ameshabeba bomba la dawa ya salfa mgongoni. Akalitua. "Mama Winfrida," akaniambia, "wasomi watatu wamesema vumbi. Wewe nani?" Akaenda kulala. Maua ya upande wa barabarani yakakauka yote. Nililia, Ndugu Mratibu, na hapo sitanii.

3. Sasa ugonjwa umehamia kwa watu. Ambrosi na wenzake wameunda kikundi cha majadiliano kuhusu palizi. Mwenyekiti wanaye, katibu wanaye. Jembe hawajashika.

4. Kwa hiyo naomba programu hizo zitenganishwe madawati na mkutano wa wazazi uitishwe. Nitahudhuria kama mzazi wa yetu. Ile ya Lupaso ikaririshwe darasa, maana yetu ilikuwa na adabu kabla ya kukaa nayo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata aliyebuni jambo hili.

Mzazi mwenye uchungu,
Josephina Ladislaus (Mama Winfrida),
Chilangala, Newala.

Tanbihi: Mtaalamu wenu, dada Yasmini, amepita akanifungulia majadiliano ya programu hizo. Kumbe ile ya Lupaso ilisema tangu mwanzo kuwa ule unga mweupe ni ugonjwa wa ubwiri unga na tupulize salfa, ikazidiwa kura. Jibu la vumbi lilitoka kwa yetu, iliyofunzwa kwa picha ambazo Ambrosi ndiye aliyeziandikia majina ya magonjwa. Zimejadiliana tena, yetu imekubali kosa, na mikorosho iliyobaki tumeipulizia. Tafadhali zisitenganishwe. Ila nafasi ikipatikana, Ambrosi naye akalishwe karibu na ile ya Lupaso.