Nani Aamue Juu ya Moyo Wangu?

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Mafuta mengi kwenye damu, eti. Siumwi popote! Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, akanionyesha picha ya watu mia kama mimi. Bila vidonge vya kupunguza mafuta hayo, kumi na wawili watapata kiharusi au shida ya moyo katika miaka kumi. Wakimeza, wanane. Nikauliza mimi ni yupi. Akasema hakuna ajuaye. Basi nimeze? Akasema tutaamua pamoja. Pamoja! Mimi fundi wa makochi, naujulia wapi moyo? Nimeazimia: aamue mwingine, lawama zimfuate huko huko.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtegea mke wangu. Nikamsifu kuwa mambo ya afya nyumba hii ni yake. Akaendelea kukunja nguo. Akasema moyo ni wangu, yeye ana wake. Mtego umenasa hewa.

Jumatano, 6 Machi
Kwa shemeji, kinyozi, mjuaji namba moja. Anameza vidonge hivyo hivyo. Mpango: atakachosema, nifanye kinyume. Kumbe ameacha! Misuli ilimuuma, yeye na daktari wake wakakubaliana ajaribu dawa nyingine. Sasa kinyume chake ni kipi? Nimetoka na upara ambao sikuuomba.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kliniki. Nikajifanya nimesahau miwani, ili achague yeye. Akanisomea maelezo yote, neno kwa neno. Kisha akauliza naogopa nini hasa. Nikajikuta nasema: mkono wa nyundo kupooza. Baba alilishwa kwa kijiko miaka mitatu, nami ndiye niliyeshika kijiko. Wallahi sikupanga kusema! Daktari akaweka kalamu chini. Akasema basi tuanzie hapo: dozi ndogo, tupime baada ya miezi mitatu, misuli ikiuma tubadilishe. Nikasema nitameza. Mimi mwenyewe! Jioni mke wangu akaniletea maji ya kumezea. Nililia kidogo. Vumbi la sponji.

Jumatatu, 11 Machi
Kuamua kumbe rahisi! Mke wangu ameitwa kliniki kuzungumzia dawa ya kukinga mifupa. Asihangaike, maskini. Nimempigia daktari asubuhi na mapema: tumeshakaa, tumeamua pamoja, atameza. Daktari akauliza mwenyewe anasemaje.
Nikamjibu bado sijamwambia.